Jinsi ya kujua jina la mlima limetoka wapi kabla hujamdanganya mgeni

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka ile naanza kazi ya mlimani, Kilimanjaro, nilikuwa msaidizi wa gaidi, gaidi wa kuongoza wageni jamani sio wa bunduki, huku Moshi neno ni hilohilo moja na maisha yanaenda. Tukafika Gillman's Point alfajiri, upepo unakata masikio, mama mmoja mgeni akajitupa kwenye jiwe akaniuliza, huyu Gillman ni nani? Sikuwa najua. Ila gaidi hatakiwi kukosa jibu, ndivyo tulivyofundishana, basi nikamwambia ni mzungu alifia hapahapa zamani. Yule mama akavua kofia. Kwenye baridi ile, akavua kofia na glovu moja akainamisha kichwa kama dakika nzima hivi, na mimi nikalazimika kuinamisha changu, tunamwombea mtu ambaye kumbe alishuka salama salimini akaishi miaka mingi tu baada ya hapo.

Gillman ni Clement Gillman, injinia wa reli. Alikuja kuwajengea Wajerumani reli, Waingereza walipochukua nchi akabaki nao, na mwaka 1921 akafika pale kwenye ukingo wa kreta, lile shimo la volkano kule juu. Basi, hakuna marehemu hapo.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kuchimba majina na nimeona niuandike hapa maana kila msimu vijana wapya wanapanda mlimani na hadithi zilezile. Sio lazima uwe gaidi, hata kama wewe ni mwalimu au mzazi una mtoto anayeuliza maswali mengi utaratibu ni huuhuu.

Cha kwanza kabisa, uvunje mlima vipandevipande. Usiulize "jina la mlima limetoka wapi" maana mlima mmoja una majina kama hamsini na kila moja lina umri wake na baba yake. Kuna jina la mlima mzima, la kilele, la barafu, la pengo, la bonde, la kibanda cha kulala. Kilimanjaro ni jina moja, Kibo na Mawenzi, vilele vyake viwili, ni mengine, Uhuru ni lingine kabisa, Stella Point ni lingine, Horombo ni lingine. Ukiyachanganya yote kwenye kapu moja utaishia kusema "wakoloni ndio waliipa majina" au "haya ni majina yetu ya asili", na zote mbili ni uongo nusu. Chukua daftari, andika kila jina mstari wake, alafu anza kulishughulikia moja moja.

Alafu ulipange kwenye vipindi. Kwa huku kwetu vipindi ni rahisi kukumbuka. Kuna kabla ya Wajerumani. Kuna Wajerumani kuanzia miaka ya 1880 mpaka Machi 1916 walipoondoka Moshi vita vikiwa vimewashinda. Kuna Waingereza mpaka 1961. Na kuna sisi. Ukiliangalia jina tu mara nyingi unajua linakaa kipindi gani, angalia barafu za kule juu, Rebmann, Decken, Kersten, Ratzel, Penck, Credner, Drygalski, Uhlig, hapo hata hujauliza mtu unajua ni Wajerumani. Sasa njoo kwenye ukingo wa kreta, Gillman 1921, Stella 1925, hao ni kipindi cha Mwingereza. Stella alikuwa mke wa Kingsley Latham, mpandaji kutoka chama cha wapanda milima cha Afrika Kusini, walipanda pamoja na ile sehemu ikapewa jina la mke. Wageni wa kike wanaipenda sana hiyo habari, na safari hii ni ya kweli.

Kwenye hilo kundi la Wajerumani usiishie kusema "ni majina ya Wajerumani", uliza huyu mtu alifanya nini mpaka akapewa barafu nzima. Hapo ndo utamu ulipo. Rebmann unaelewa, ni mmisionari aliyeuona mlima tarehe 11 Mei 1848 akaandika kwamba juu kuna theluji, na kule London msomi mmoja anaitwa Cooley ambaye hajawahi kukanyaga huku akambishia kwa miaka. Decken naye unaelewa, alijaribu kupanda 1861 na akarudi 1862 akiwa na Kersten. Sasa Ratzel je? Friedrich Ratzel alikuwa profesa wa jiografia Leipzig, na Hans Meyer aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 alikuwa mtu wa Leipzig hukohuko, familia yenye kampuni kubwa ya uchapishaji wa vitabu. Umeona? Penck naye profesa wa jiografia. Yani ni kama wewe ujenge nyumba kila chumba ukipe jina la mwalimu wako na marafiki zako wa chuo. Anayeshika kalamu ndiye anayegawa.

Na mgawo wenyewe haukufuata jasho. Mawenzi ile sehemu ya juu kabisa, mita 5,149, inaitwa Hans Meyer Peak. Hans Meyer hakuwahi kufika pale. Alijaribu hiyohiyo 1889 na mwenzake Purtscheller, mawe yakawashinda, wakarudi. Waliofika kwanza ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912, na Klute akapata kilele kingine pembeni chenye jina lake. Mimi miaka yote hii sijakutana na kilele wala pengo lenye jina la mgumu, kwa msiojua wagumu ndio wapagazi, ndugu zetu wanaobeba gesi na mahema kichwani, na hao kina Meyer hawakubeba mahema yao wenyewe.

Kilele cha juu Meyer alikiita cha Kaiser Wilhelm, mfalme wake, na jiwe la pale juu akalichukua akampelekea. Hilo jina lilikufa tulipopata uhuru, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera, pakaitwa Uhuru. Mita 5,895, wote mnajua, ipo kwenye kibao.

Vibanda vya njia ya Marangu watu wengi wanavisahau na ndio mfano wangu ninaoupenda kuliko yote. Mandara zamani ilikuwa inaitwa Bismarck, yule kansela wa Ujerumani. Horombo ilikuwa inaitwa Peters. Carl Peters huyu, aliyekuwa bosi wa Wajerumani huku Kilimanjaro, aliwanyonga kijana wake wa kazi na binti mmoja wa huku, kesi ikafika mpaka Ujerumani na mwaka 1897 akafukuzwa kazi na serikali yake mwenyewe, alafu kibanda kikabaki na jina lake watu wanalala humo wanakunywa supu. Baadae ndo majina yakabadilishwa, pakawekwa majina ya mamangi, yani machifu wa Kichaga, Mangi Rindi Mandara wa Moshi na Mangi Horombo wa Keni kule Rombo. Kwa hiyo mgeni akikwambia "Horombo ni jina la kale sana" mwambie mtu ni wa kale, jina kwenye kibanda ni la juzi. Utofautishe hivyo viwili. Jina la kienyeji sio lazima liwe limewekwa na wenyeji wa pale wala sio lazima liwe la zamani.

Majirani zetu Kenya wana mfano mzuri zaidi wa hilo. Vilele vya Mlima Kenya ni Batian, Nelion na Lenana, ukisikia unasema haya ndo majina yenyewe ya Kiafrika. Aliyeyaweka ni Mwingereza anaitwa Halford Mackinder, 1899, akachukua majina ya ukoo wa laiboni, kiongozi wa dini wa Kimasai, Mbatian, ndugu yake na mtoto wake Lenana, akayabandika juu ya mlima ambao Wakikuyu walikuwa wanauita Kirinyaga. Mackinder alikuwa na heshima zake labda, ila bado ni yeye aliyegawa.

Haya, tukija kwenye jina la mlima mzima mambo yanakuwa magumu na hapa ndo lazima uende polepole. Swali la kujiuliza ni moja tu, mzungu alimuuliza nani? Rebmann hakuja peke yake kutoka pwani, alikuja na msafara na kiongozi wake ni Bwana Kheri, na Rebmann ameandika mwenyewe kwamba siku ile alipoona kitu cheupe juu ya mlima akamuuliza mtu aliyekuwa anamwongoza ile ni nini, yule akasema hajui jina lake ila anadhani ni baridi. Baridi! Mimi hiyo sehemu nikiisoma nacheka maana namuona yule jamaa kabisa, katoka pwani kwenye joto lake, anaulizwa maswali, anajibu kama nilivyojibu mimi pale Gillman's, tofauti ni kwamba yeye alikuwa sahihi na alikiri hajui. Sasa fikiria kama Rebmann angeandika "Mlima Baridi", leo tungekuwa tunatafuta Baridi ni neno la kabila gani.

Kwa hiyo jina Kilimanjaro wamisionari walilipokea kwa watu wa pwani na misafara, sio kwa Mchaga aliyekuwa amesimama kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Krapf, mwenzake Rebmann, alitoa maana zaidi ya moja, mlima wa ukuu, au mlima wa misafara. Wakamba nao wana lao, mlima mweupe. Wachaga wengine wanasema ni kileme kyaro, kitu kilichoshinda msafara, wengine kilichomshinda ndege. Wengine wanaleta Kimasai, ngare ni maji, na hilo kwa mtu wa huku halishangazi maana tuna Ngare Nairobi pale Magharibi Kilimanjaro na Ngare Nanyuki upande wa Meru. Na wengine wanakuja na Njaro shetani wa baridi, huyo ndo kipenzi cha wageni.

Unachujaje? Mimi natumia vitu vitatu. Nauliza neno lenyewe lipo hai kwenye lugha inayotajwa, kuna bibi yoyote anayelitumia akiwa anachota maji, au lipo tu kwenye maelezo ya mlima. Shetani Njaro mimi nimemtafuta kwa wazee wa vijiji kadhaa hakuna aliyenitajia isipokuwa vijana waliosikia kwa magaidi, na magaidi ndo sisi. Nauliza pia sarufi inakubali? Kilima kwa Kiswahili ni mlima mdogo, sasa mlima mkubwa kuliko wote Afrika uitwe kilima, hapo kuna kitu cha kufikiria, ndio maana habari ya Kichaga ya kileme wengi wanaiona ina miguu. Na la tatu nauliza nani anafaidika na hadithi kuwa tamu. Ukishindwa kuchagua, usichague. Mwambie mgeni zipo kadhaa, mtajie mbili unazoziamini, uendelee kupanda.

Sasa kuuliza wazee. Hapa vijana wengi mnakosea. Usiende na swali la "eti Kilimanjaro maana yake nini", mzee atakupa jibu alilosikia redioni kama wewe. Nenda, toa shikamoo, kaa, usiwe na haraka, kama kuna mbege, pombe yetu ya ndizi, onja usikatae, alafu onyesha mlima kwa mkono uulize, ile pale nyie mnaiitaje? Nilifanya hivyo kwa mzee mmoja Marangu, nikamwita meku kama ilivyo heshima, alikuwa ameshika kata yake barazani. Akanyanyua kidevu tu kuelekea juu, wingu lilikuwa limefunguka upande mmoja, akasema, ile ni Kibo, na ile Kimawenzi. Nikamwambia na zote kwa pamoja? Akaniangalia kama nimemuuliza jina la mbingu. Akasema, zote kwa pamoja ndo hiyo Kilimanjaro ya serikali na ya bia.

Hilo jibu lina thamani kuliko vitabu vitano. Wachaga walikuwa na majina ya vitu wanavyoviona, Kibo kwa sababu ya madoa, jiwe jeusi kwenye theluji nyeupe, na Mawenzi iliyovunjikavunjika, na hadithi yake kila mtoto wa huku anaijua, Mawenzi alizoea kuzimisha moto wake makusudi akaja kuomba makaa kwa Kibo apate na chakula, mpaka siku Kibo alipochoka akampiga mchi wa kichwa, ndio maana yuko vile hana pa kushika. Jina la mlima mzima linahitaji mtu anayeuona kwa mbali, wa msafara, au anayetaka kuchora ramani.

Na ukiuliza Marangu, kaulize na Machame na Kibosho na Rombo, maana Kichaga sio kimoja na mlima kila upande una sura yake. Mzee mmoja sio ushahidi, wazee watatu wa vijiji vitatu wanaotofautiana kidogo ndo ushahidi.

Kwa upande wa Arusha fanya hivyohivyo kwa Meru. Mlima umebeba jina la watu wake Wameru, kilele cha juu kikaitwa cha Ujamaa, Socialist Peak, hapo huhitaji profesa kukwambia ni kipindi gani. Ukiteremka kwa Wamasai majina yanajieleza yenyewe, Ol Doinyo Lengai ni mlima wa Mungu, Ol Doinyo Orok pale Namanga ni mlima mweusi. Ol doinyo tayari ni mlima, kwa hiyo ukisema "Mlima Ol Doinyo Lengai" umesema mlima mara mbili, na mimi nasema hivyo kila siku sijaacha.

Kuhusu kutafuta mtandaoni nina siri moja tu, tumia tahajia ya zamani. Ukiandika Kilimanjaro unaletewa bei za safari kurasa mia. Andika Kilimandscharo kama Wajerumani walivyoandika, au Kilima-Njaro na kistari chake, au Kenia badala ya Kenya, zinafunguka ramani na vitabu vya wakati ule, Kijerumani hujui lakini ramani haihitaji Kijerumani, unaona tu jina lipo au halipo na mwaka wa ramani umeandikwa pembeni. Jina ambalo halipo kwenye ramani ya 1890 na lipo ya 1930 limezaliwa katikati. Lushoto nayo utaikuta imeandikwa Wilhelmstal, usibabaike, ni palepale.

Mwisho nimeiweka hii maana ndo inayonikera, ile ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kaiser mlima Kilimanjaro kama zawadi ya bethidei ndio maana mpaka wetu na Kenya umepinda. Nimeisema sana hiyo, nimepewa na bakshishi kwa ajili yake. Siku moja mzee mgeni mwalimu mstaafu akaniuliza kwa upole, hivyo ilikuwa mwaka gani? Nikakaa kimya. Mpaka ulichorwa kwenye makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, mstari unapita Ziwa Jipe unazunguka mlima kwa kaskazini. Wilhelm mjukuu amekuwa Kaiser 1888. Mwaka 1886 aliyekuwa kwenye kiti ni babu yake. Zawadi ilitangulia miaka miwili. Tarehe mbili tu hadithi ikaanguka, na ndio maana nasema kila ukisikia habari ya jina au ya mpaka dai mwaka kwanza, kabla hujaipenda.

Na msidhani ni sisi tu. Everest jina lake lilipendekezwa 1856 na Andrew Waugh aliyekuwa mkuu wa upimaji wa India, kumheshimu bosi aliyemtangulia George Everest, wakati Watibeti wana Chomolungma yao. Everest mwenyewe alipinga, akasema wenyeji hawataweza kulitamka. Wakamwekea hivyohivyo.

Kwa sasa nikifika Gillman's nakuwa wa kwanza kusema, kabla sijaulizwa. Huyu alikuwa injinia wa reli, 1921, alishuka mzima. Wageni wanacheka kidogo, wananywa chai ya tangawizi, tunaanza kutembea kuelekea Stella.